Nyoka wa Shaba na Maji ya Gihoni

Kati ya vitu alivyovivunja Mfalme Hezekia alipoanza kuisafisha Yuda, kimoja hakikuwa cha kipagani hata kidogo. Nguzo za mahali pa juu, sawa, ziangushwe. Ashera ikatwe, nani angeuliza? Lakini nyoka wa shaba alikuwa na asili njema. Musa mwenyewe ndiye aliyemtengeneza jangwani, tena kwa agizo la Mungu, na walioumwa na nyoka walimtazama wakapona. Karne nyingi baadaye bado yupo, na watu wanamfukizia uvumba. Hezekia akamponda vipande vipande. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinalitaja tendo hilo kwa mstari mmoja, kisha kinaendelea na mengine. Mimi mstari huo hunizuia kila ninapoufikia. Mtu aliyekuwa na jicho la kuona kwamba hata kipawa cha Mungu kinaweza kugeuzwa mungu, ndiye huyohuyo ambaye mji wake, katika siku zake, ulikuja kukaripiwa na nabii kwa sababu ya birika na ukuta.

Nyoka wa namna ile sisi tunawajua. Kwetu Afrika Mashariki kuna chupa za mafuta ya upako, maji ya baraka, stika za nabii za kubandika mlangoni na kwenye kioo cha daladala. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, umati uliposukumana kwenda kuyakanyaga mafuta yaliyobarikiwa. Ibada ya namna hiyo haihitaji nabii kuitambua. Yeyote aliyetulia huiona, na wahubiri hawachoki kuikemea, pamoja na hirizi na safari za usiku kwa mganga. Kisa ninachokisimulia ni cha mtu aliyekwisha kuvuka hapo. Tena Hezekia hakuwa mfalme mbaya. Mwandishi wa Wafalme anasema wazi kwamba kwa kumtumaini Mungu hakuwa na mfano wake kati ya wafalme wa Yuda, waliomtangulia na waliomfuata. Anayetafuta hapa habari za mwovu aliyevuna alichopanda atazikosa.

Habari hii yote inazunguka maji. Yerusalemu ya kale ilikuwa na chemchemi moja ya kutegemewa, Gihoni, chini bondeni upande wa mashariki, mahali pagumu kulindwa. Ahazi, baba yake Hezekia, alikutana na nabii Isaya mwishoni mwa mfereji wa birika la juu, kwenye njia ya Uwanja wa Dobi, wakati wafalme wa Damasko na Samaria walipoungana dhidi yake, yapata mwaka 734 kabla ya Kristo. Inaelekea alikuwa anakagua maji, kama ambavyo mtawala yeyote mwenye akili angefanya kabla mji haujazingirwa. Isaya akamwambia atulie na asiogope. Akamruhusu hata kuomba ishara, aitake kutoka kuzimu au kutoka mbinguni. Ahazi akakataa kwa maneno ya mcha Mungu, kwamba yeye hawezi kumjaribu Bwana. Adabu nzuri sana, ila moyoni tumaini lake lilikuwa kwingine. Alichota fedha na dhahabu ya hekalu, akampelekea Tiglath-pileseri wa Ashuru, na akajiita mtumishi wake na mwanawe. Ndipo Isaya akasema kwamba taifa hili limeyakataa maji ya Shiloa yaendayo taratibu, basi litaletewa maji ya mto mkubwa, nayo yatapanda mpaka shingoni.

Maji ya Shiloa ni hayohayo ya Gihoni yakiteremka mferejini. Nabii alikuwa ameyafanya mfano wa Mungu asiye na makeke.

Hezekia, basi, alirithi ufalme uliokwisha kuwekwa rehani. Samaria ilianguka yapata mwaka 722, wakimbizi wakakimbilia kusini, na Yerusalemu ukapanuka hadi kilima cha magharibi. Mwaka 705 Sargoni wa Ashuru akafa vitani, falme ndogo zikaona upenyo, na Hezekia akaasi. Alijua kwamba Senakeribu, mfalme mpya, hatalinyamazia jambo hilo. Akaanza kujiandaa.

Maandalizi yenyewe yanashangaza hadi leo. Mafundi walitoboa mwamba kutoka Gihoni mpaka birika la Siloamu, handaki la mita 533 lenye kupindapinda, na tofauti ya kimo kati ya mdomo wa juu na wa chini ni kama sentimita 30 tu. Vikosi viwili vilianza kila kimoja upande wake, vikakutana gizani chini ya mji. Maji bado yanapita humo. Mgeni anayefika Yerusalemu anaweza kukunja suruali, kushika tochi na kulipita lote, kuta zikimgusa mabega na maji yakimfika magotini. Mwaka 1880 kijana mmoja aliyekuwa majini karibu na mdomo wa chini aliona maandishi ukutani. Ni mistari sita ya Kiebrania cha kale, na jiwe lenyewe sasa liko kwenye makumbusho ya Istanbul. Yanasimulia siku ya kukutana: zimebaki dhiraa tatu, mtu anasikika akimwita mwenzake ng'ambo ya mwamba, sururu zinaelekeana, kisha maji yanashuka birikani mwendo wa dhiraa 1,200, na juu ya vichwa vya wachimbaji kuna mwamba wa dhiraa 100.

Mfalme hatajwi, wala Mungu. Sitaki kuyafanya maandishi hayo ushahidi wa mahakamani. Fundi ana haki ya kusimulia kazi ya mikono yake bila kuichomekea mahubiri. Hata hivyo, nikiyasoma kando ya sura ya 22 ya Isaya, napata ubaridi kidogo.

Kwa maana Isaya naye aliyaona yote hayo, tena akayaorodhesha kama karani wa ujenzi. Anasema mlizikagua silaha katika Nyumba ya Mwitu, ile ghala ya Sulemani. Mliyaona matundu ya ukuta na yalikuwa mengi. Mliyakusanya maji ya birika la chini. Mlizihesabu nyumba za Yerusalemu na kuzibomoa mpate mawe ya kuimarishia ukuta. Ukuta huo, au sehemu yake, mwanaakiolojia Nahman Avigad aliufukua katika miaka ya 1970 ndani ya mji wa zamani. Una unene wa mita 7, na umepita juu ya nyumba za watu. Misingi ya nyumba hizo bado inaonekana chini yake. Huko nyuma mtu fulani aliambiwa kwamba sebule yake inahitajika kwa usalama wa taifa. Baada ya orodha hiyo ndefu nabii anaongeza jambo moja: hamkumtazama yeye aliyeyafanya haya, wala hamkumwangalia aliyeyapanga tangu zamani.

Hasemi msichimbe. Watu huisoma sura hii haraka, wakatoka na fundisho la uvivu kana kwamba imani ni kukaa mikono kifuani. Sisi Watanzania tuliolelewa kwenye Elimu ya Kujitegemea tungekuwa wa kwanza kuliruka fundisho hilo, na tungekuwa na haki. Jembe si dhambi, na birika si dhambi. Lawama ya Isaya iko kwenye macho. Katika sura ile macho ya watu yanakwenda kwenye silaha, kwenye matundu, kwenye maji, na yanaishia hapo. Kila walichokitazama kilikuwa kazi ya mikono yao, na hicho ndicho kipimo ambacho manabii hukitumia kwa kinyago pia. Hosea, aliyehubiri kaskazini kidogo kabla ya siku hizo, anaweka vitu vitatu katika sala moja ya toba: Ashuru haitatuokoa, hatutapanda farasi, hatutaiita kazi ya mikono yetu mungu wetu. Mkataba na dola kubwa, jeshi, na kinyago vimekaa kwenye benchi moja la washtakiwa. Msomaji wa kisasa angevitenganisha, viwili vya kwanza avipeleke kwenye siasa na cha tatu akiachie dini.

Kinyago cha mti, kwa kweli, ni adui mwepesi. Kitabu cha Isaya, sura ya 44, kinamcheka seremala anayekata mti, nusu akaokea mkate na kuota moto, nusu iliyobaki akaipigia magoti. Kila mtu hucheka naye, maana kinyago kile hakijibu. Birika linajibu. Ukiinama unakunywa. Ukuta wa mita 7 unazuia mishale kweli. Mungu wa namna hii ana ushuhuda wa kila siku, na hapo ndipo ugumu ulipo. Hakuna siku ya aibu itakayomfichua, labda ije kwa kuchelewa sana. Habakuki anamchora mvuvi anayelitolea sadaka jarife lake, na sababu anayoitoa ni ya kiuchumi kabisa: jarife ndilo linalomlisha minofu. Hakuna ushirikina katika hesabu hiyo. Ni mtu anayeshukuru pale anapodhani riziki yake ndipo inapoanzia.

Nimekaa kwenye kamati za ujenzi wa kanisa za kutosha kujua hali hiyo inavyokuwa ndani ya chumba. Sala ya kufungua kikao huombwa kwa kasi, mtu mmoja bado amesimama mlangoni akimalizia simu. Kisha mweka hazina anafungua daftari, na ghafla wote wako kimya, kalamu mkononi, uso wa ibada. Hakuna aliyemkana Mungu. Ila mgeni asiyejua lugha yetu, akiambiwa aonyeshe ni wakati gani watu wale walikuwa wakiabudu, sidhani angeonyesha ile sala.

Sura ile ile ya 22 inamgeukia ofisa mmoja kwa jina, Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme. Mji unajiandaa kwa vita, yeye anajichongea kaburi mwambani, mahali pa juu, ili aonekane. Isaya anamuuliza ana nini hapa na ana nani hapa, halafu anamwambia kwamba atazungushwa na kutupwa kama mpira katika nchi pana, na magari yake ya fahari yatamfuata huko. Katika kijiji cha Silwan, ng'ambo ya bonde, mwaka 1870 Charles Clermont-Ganneau aliona juu ya mlango wa kaburi la mwambani maandishi yaliyoharibika, ambayo sasa yako British Museum. Jina limekatika, imebaki sehemu ya mwisho tu pamoja na cheo: aliye juu ya nyumba. Wataalamu kadhaa wamependekeza kwamba ni Shebna. Maandishi yanamwambia mwizi kwamba humo hamna fedha wala dhahabu, ni mifupa yake na ya kijakazi wake tu, na alaaniwe atakayefungua. Awe Shebna au mwenzake mwenye cheo kile, hofu yake naielewa. Kaburi alilolijenga kwa fahari lilihitaji tangazo la kukana utajiri ili lisibomolewe.

Mahali pa Shebna apewe Eliakimu, anasema Isaya, mtu mwema, naye Mungu atamkaza kama msumari mahali imara. Ningedhani sura ingefungwa hapo. Badala yake nabii anasimulia jinsi ukoo mzima unavyokuja kumning'inia Eliakimu, watoto na wajukuu, vyombo vyote kuanzia vikombe hadi magudulia, mpaka msumari unang'oka na mzigo wote unaanguka. Wenye ndugu mmoja mwenye mshahara mjini hawahitaji kufafanuliwa. Msumari ule ulipigiliwa na Mungu mwenyewe, kama nyoka wa shaba alivyoagizwa na Mungu mwenyewe, na bado watu walipata njia ya kuuegemea hadi ukatoka ukutani.

Sasa Misri. Ukuta na birika havikutosha kumpa Hezekia usingizi. Washauri wake walitaka farasi, na farasi walikuwa Misri, iliyotawaliwa wakati huo na wafalme wa Kushi kutoka Sudan ya leo. Isaya alikuwa amelipigania jambo hili tangu zamani. Wakati Ashdodi ilipoasi na kutekwa mwaka 711, yeye alikwenda uchi na bila viatu kwa miaka mitatu, ishara ya jinsi mateka wa Misri na Kushi watakavyosindikizwa na Ashuru. Wazo la kwamba mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiebrania alipita sokoni hivyo, mbele ya watu waliomjua, hunifanya nisite kila ninapotaka kusema manabii walikuwa watu wa maneno. Haikusaidia. Katika sura ya 30 tunaona punda na ngamia wakivuka Negebu, nchi ya simba na nyoka, migongo yao imebeba hazina za Yuda kwenda kwa watu wasioweza kuwafaa kitu. Msafara wenyewe unagharimu zaidi ya wokovu unaokwenda kuununua.

Senakeribu alikuja mwaka 701. Kumbukumbu zake zinadai kwamba aliteka miji 46 yenye kuta za Hezekia, na kumfungia mwenyewe Yerusalemu kama ndege tunduni. Lakishi, mji wa pili kwa ukubwa katika Yuda, ulianguka. Picha zake alizichonga kwenye kuta za jumba lake Ninawi, na leo ziko London: mashine za kubomolea zinapanda, mienge inarushwa, familia zinatoka langoni na mizigo yao juu ya mkokoteni. Jeshi la Misri na Kushi lilipigwa Elteke. Hezekia akatuma ujumbe Lakishi: nimekosa, utakalonitoza nitalipa. Akatozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Hazina haikutosha. Akabandua dhahabu ya milango na nguzo za hekalu, na kitabu cha Wafalme kinakumbusha, bila huruma, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameipamba milango hiyo. Njia ya baba yake Ahazi, hatua kwa hatua, hadi kwenye hazina ileile na kwa dola ileile.

Na malipo hayakumnunulia kitu. Amiri wa Ashuru akaja na jeshi, akasimama kwenye mfereji wa birika la juu, katika njia ya Uwanja wa Dobi. Pale pale. Eliakimu alitoka kumsikiliza, sasa akiwa msimamizi wa nyumba, na Shebna nyuma yake akiwa mwandishi tu. Walimwomba azungumze Kiaramu, watu walioko ukutani wasielewe. Akapaza sauti kwa Kiebrania. Misri, akasema, ni mwanzi uliopondeka. Anayeuegemea humchoma mkono. Nitawapa farasi 2,000 mkiweza kupata wa kuwapanda. Jambo la kuudhi ni kwamba adui yule alikuwa akirudia mahubiri ya Isaya karibu yote. Aliyoyasema nabii kwa machozi, na watu wakamziba mdomo, sasa yalisemwa na mpagani kwa kicheko, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Hapo ndipo Hezekia aliporudi. Barua ya vitisho ilipofika aliichukua, akapanda nayo hekaluni na kuikunjua mbele za Bwana, kama mtu anayemwonyesha mwenye nyumba bili asiyoweza kuilipa. Hakuwa na farasi, dhahabu wala mshirika. Mji ulipona. Biblia inasema malaika alipita kambini usiku. Kumbukumbu za Senakeribu zinahesabu ushuru alioupata na hazidai popote kwamba aliingia Yerusalemu. Miaka 20 baadaye aliuawa na wanawe, naye, kwa masimulizi ya Wafalme, alikuwa ameinama katika hekalu la mungu wake.

Msimuliaji mwenye kutaka kupendeza angekoma hapo. Kitabu cha Isaya hakikomi, kinaweka mwishoni mwa habari hizi tukio ambalo pengine kwa tarehe lilitangulia: mfalme alikuwa amepona ugonjwa wa kufa, ameongezewa miaka 15, na Merodak-baladani wa Babeli, mwasi mwenzake dhidi ya Ashuru, akamtumia wajumbe wenye barua na zawadi. Hezekia aliwafungulia. Fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, ghala ya silaha, akiba yote. Hakikubaki chumba ambacho hakuwaonyesha. Mambo ya Nyakati yanasema hapo Mungu alimwacha ili ayajue yaliyomo moyoni mwake. Alikuwa ametoka tu kurudishiwa uhai, na ushuhuda alioutoa kwa wageni wa mbali ulikuwa ziara ya stoo.

Isaya akaja na maswali mafupi. Watu hawa wamesema nini? Wametoka wapi? Kutoka nchi ya mbali, akajibu mfalme, na mtu anaweza kusikia kifua kikipanuka. Wameona nini nyumbani mwako? Vyote. Basi vyote vitachukuliwa Babeli, akasema nabii, na baadhi ya uzao wako watakuwa matowashi katika jumba la mfalme wa huko. Hezekia akalipokea neno hilo kuwa jema, akiwaza moyoni kwamba angalau katika siku zake kutakuwa na amani.

Siku zake zilikuwa ile miaka 15. Mrithi wake, Manase, alitawazwa akiwa na umri wa miaka 12, kwa hiyo kwa hesabu ya vitabu hivyo alizaliwa ndani ya nyongeza ile, ikulu ikiwa tulivu na birika limejaa. Alitawala miaka 55. Alipajenga upya mahali pa juu ambapo baba yake alipaharibu, na sanamu ya Ashera aliyoichonga akaiingiza ndani ya hekalu lenyewe.